Kilemba cha Kirumba

Mwanzoni mwa Januari, ada za shule zikiwa bado hazijalipwa, mama mwenye nyumba wangu hapa Nyakato, jijini Mwanza, alibisha hodi jioni. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, ndipo akasema lililomleta. Kuanzia Aprili, chumba na sebule ninachokaa kitapanda kutoka shilingi 80,000 hadi 110,000 kwa mwezi, na nilipe ya miezi sita kwa mkupuo. Laki sita na sitini elfu. Alipoondoka nilibaki pale pale kwenye kochi hadi giza likaingia, sikuwasha hata taa.

Kesho yake nilisimulia kazini, na kila mtu akawa na lake. Mmoja alitolewa Mkolani ndani ya wiki mbili kwa sababu mtoto wa mwenye nyumba anaoa. Mwingine, wa Pasiansi, analipa kodi ya mwaka mzima na kila Desemba anakopa. Kijana mmoja, mdogo kwangu kwa miaka mingi, akasema kwa uchungu: "Dada, mafuta ya gari yana bei kikomo, EWURA wanaitangaza kila mwezi. Kwa nini chumba anacholala binadamu kisiwe nayo?"

Wote wakaitikia. Mimi nilinyamaza. Kodi mpya inaniuma kama inavyomuuma yeye, lakini swali lake lilinirudisha kwenye korido moja ya Kirumba, na tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria. Jibu langu ni refu, ndiyo maana naliandika.

Nimekulia Kirumba, si mbali na mwaloni, ambako mama alikuwa anauza dagaa. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, uani jiko la pamoja na choo cha shimo. Mzee mwenye nyumba alikaa vyumba viwili vya mbele na mkewe. Vinne vilikuwa vya wapangaji. Sisi, mama na watoto watatu, tulikuwa na kimoja cha nyuma, karibu na mlango wa uani. Pazia liligawa chumba: upande mmoja kitanda, upande wa pili magunia ya dagaa na mkeka wetu. Hadi leo nikisikia harufu ya dagaa waliokauka vizuri, naona nyumbani.

Miaka miwili kabla ya MV Bukoba kuzama, yaani 1994, mzee alitangaza kwamba kodi itapanda maradufu, kutoka 1,500 hadi 3,000. Mwalimu mmoja aliyekuwa amepanga chumba cha pili kutoka kwetu alikuwa anajua sheria. Akawaambia wenzake kwamba nchi hii ina Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, kwamba mwenye nyumba haruhusiwi kupandisha kodi kupita kiwango halali wala kumtoa mpangaji bila amri ya baraza la nyumba. Wapangaji wengi wa uswahilini hawakuwahi kuisikia sheria hiyo, achilia mbali kuitumia. Hawa wanne waliitumia. Walichangishana nauli, wakaenda, wakarudi, wakaenda tena, na mwisho wakashinda. Kodi ilibaki 1,500.

Naikumbuka jioni ile. Mama alirudi na karatasi yenye mhuri, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga alikotunza kadi zetu za kliniki. Tulikula sangara mzima siku ile, siyo mifupa, maana kipindi hicho viwanda vilikuwa vinachukua minofu na sisi tunabakiziwa mifupa ya kukaanga. Mama alicheka hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Kwa hiyo mtu akiniambia udhibiti wa kodi haujawahi kumsaidia maskini, simwelewi. Ulimsaidia mama yangu. Tulibaki Kirumba, shule ile ile, mwaloni ule ule, hatukuhamisha vyombo usiku kama wengine.

Lakini nyumba ilianza kufa.

Mzee hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa hesabu. Hadi mwaka 1996 mfumuko wa bei nchini ulikuwa ukicheza kati ya asilimia 20 na 35 kwa mwaka. Ilipofika 1998, ile 1,500 ilikuwa imebaki na thamani ya nusu yake, huku bati, saruji na mshahara wa fundi vikifuata bei ya soko. Masika yalipoanza, paa lilivuja juu ya magunia ya dagaa, na dagaa wakilowa ni hasara tupu. Mama alikwenda kulalamika kwa heshima zote. Mzee akamjibu kwa upole, naisikia sauti yake: "Mayo, kodi yako ya mwezi hainunui hata bati moja. Hilo bati nilitoe wapi?" Mama alinunua nailoni mwenyewe. Choo kilipojaa, wapangaji walichangishana. Mlango wa uani ulipooza chini, ukabaki umeoza.

Ndipo likaja jambo la kilemba. Mwalimu alihamishiwa Shinyanga. Chumba chake, kwa kodi ile iliyogandishwa, kilikuwa lulu: mtu yeyote aliyekuwa anapanga nyumba ya jirani kwa bei ya soko angekitamani. Basi mwalimu hakukirudisha kwa mzee. Alimkabidhi mfanyabiashara mmoja wa nyavu, na mfanyabiashara akampa kilemba, fedha inayozidi kodi ya mwaka mzima, mkononi, bila risiti. Faida ya sheria ikaingia mfukoni mwa mpangaji anayeondoka. Mzee hakuona kitu, na mfanyabiashara naye alilipa bei ya soko kama angelipa popote, ila alimlipa mtu asiye na bati wala tofali pale.

Mzee alipogundua alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Tangu hapo, kila mpangaji aliyehama, chumba chake kilipigwa kufuli. Viwili vilifungwa hivyo. Kimoja kiliwekwa mbao, kingine kilibaki kitupu kabisa. Tulikuwa tunachungulia kwenye tundu la ufunguo tunaona sakafu na mwanga wa dirisha. Mzee alisema afadhali chumba chake kilale na panya kuliko kuingiza mtu atakayekimiliki kwa 1,500 maisha yote.

Hapo ndipo ninapomkumbuka binti mmoja. Alikuja na begi la kushona, katokea Magu, amepata kazi kwenye kiwanda cha samaki. Alisimama koridoni, akaviona vyumba viwili vyenye kufuli, akamuuliza mama kama vina watu. Mama akasema havina. "Basi si anipangishe?" Mama hakuwa na la kusema. Binti alishukuru, akaondoka kuelekea Kitangiri. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, na nakumbuka niliona aibu bila kujua ya nini. Karatasi iliyokuwa kwenye kopo la maziwa ilitulinda sisi. Yeye ilimfungia mlango.

Baada ya miaka mingi nilikutana na kisa kile kile kwa takwimu, mbali sana na Kirumba. Mwaka 1994, huo huo wa karatasi ya mama, wapiga kura wa San Francisco, Marekani, waliamua kwamba udhibiti wa kodi uwaguse hata wapangaji wa majengo madogo, yasiyozidi makazi manne, yaliyojengwa kabla ya 1980. Majengo ya aina hiyo yaliyojengwa baadaye hayakuguswa. Kwa kuwa mstari uliwekwa kwenye mwaka wa ujenzi, wachumi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Rebecca Diamond, Tim McQuade na Franklin Qian, waliweza kulinganisha majengo yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa sheria. Matokeo yao yalitoka 2019. Wapangaji waliolindwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki kwenye makazi yao, kati ya asilimia 10 na 20 zaidi. Huyo ni mama yangu. Lakini wenye majengo yaliyoguswa walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15: wakabomoa na kujenga upya, au wakageuza nyumba za kupanga kuwa za kuuza. Na kwa sababu vyumba vilipungua, kodi za mji mzima zikapanda kwa takribani asilimia 5. Huyo ni binti wa Magu, na kila aliyekuja baada yake.

Na kuna jambo la Mumbai ambalo liliniondolea usingizi. Mji huo uliwekewa sheria ya kodi mwaka 1947 iliyorudisha kodi kwenye viwango vya 1940 na kuviacha hapo kwa miongo. Majengo ya zamani yalikosa matengenezo, na masika yakija, mengine huanguka na watu ndani. Wapangaji nao wakawa wanauziana haki ya kukaa, kwa fedha ya mkononi inayoitwa pagdi. Pagdi maana yake ni kilemba. Kile kile cha kichwani. Kirumba na Mumbai, bahari nzima katikati, na watu wa pande zote mbili wakaipa fedha ile jina la nguo moja.

Kwetu sheria ya 1984 ilifutwa na Bunge mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano ya mpangaji na mwenye nyumba, na mkigombana mna mabaraza ya ardhi na nyumba. Ukilizunguka ziwa letu utakuta kila nchi imeshika njia yake. Wakenya wangali na sheria inayodhibiti nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi zao 2,500 kwa mwezi, na kipimo cha kodi halali ni kile cha Januari 1981. Hebu mtu wa Kisumu aniambie ni vyumba vingapi vimebaki chini ya kiwango hicho. Sheria haikufutwa, ila mfumuko wa bei umeipita juu kwa juu. Waganda walipitisha yao mwaka 2022: kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nitarudi kwenye hiyo ya Waganda, maana ndiyo inayonitia majaribuni.

Kwanza niwapeleke Buhongwa, kwa mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wa mama yangu, mjane, alikuwa anauza mboga Igoma. Watu wakisema "wenye nyumba" wanamfikiria tajiri mwenye ghorofa Kapripoint. Wenye nyumba wa Mwanza ni mama mdogo. Alianza na kiwanja na pagale aliloachiwa na marehemu: kuta zimefika lenta, ndani mibono imeota. Aliezeka vyumba viwili, akahamia kimoja, akapangisha cha pili bila hata dari, mlango wa mbao za marine. Mpangaji wa kwanza alilipa miezi sita. Kwa fedha hiyo akanunua mabati ya chumba cha tatu. Mpangaji wa chumba cha tatu akalipa miezi sita, fedha ikaingia kwenye tofali na nondo za cha nne. Hivyo hivyo. Leo ana vyumba saba nyuma, vyote na umeme, viwili ni masta. Hajawahi kuingia benki kukopa, na hata angeingia, riba ya mkopo wa nyumba ina tarakimu mbili na hati yake bado iko kwenye urasimishaji.

Yaani chumba kimezaa chumba, na tumbo la uzazi ni kodi.

Nilikaa naye mkekani tukapiga hesabu ya chumba cha saba, kwa risiti alizotunza kwenye mfuko wa Rambo. Kuanzia msingi hadi rangi, kimemla shilingi milioni 3 na laki sita. Anakipangisha 50,000 kwa mwezi, laki sita kwa mwaka. Miaka sita ndipo fedha yake irudi, kama hakitakaa wazi hata mwezi mmoja, kama paa halitang'oka. Nikamuuliza: serikali ikisema chumba cha aina hii kisizidi 30,000? Alifikiri. "Miaka kumi," akasema. Kisha akatazama msingi wa chumba cha nane, ambao ulikuwa tayari umejazwa mawe. "Mwanangu, hicho ningekiacha. Ningelima mchicha."

Sasa tazama mji. Sensa ya 2012 ilikuta Nyamagana na Ilemela zina watu zaidi kidogo ya 700,000 kwa pamoja. Ya 2022 ikakuta takribani 1,100,000. Watu laki nne katika miaka kumi. Hata tukiwapanga wanne wanne chumba kimoja, kama tulivyokuwa sisi Kirumba, ni vyumba laki moja. Gawanya kwa siku za miaka kumi: vyumba 27 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nani alivijenga? Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lina majengo yake mjini na limefanya kazi yake, lakini si hivyo 27 kwa siku. Ni mama mdogo na wenzake, chumba kimoja kimoja, kila mmoja akitazama kodi ya chumba kilichopita. Bei kikomo itakayomgusa mwenye ghorofa itamkuta na mhasibu na wakili. Mama mdogo itamkuta na msingi wa mawe.

Na kujenga Mwanza si kama kujenga tambarare. Anayejua milima ya Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugarika anajua ninachosema. Fuso la mchanga linaishia barabarani. Kutoka hapo ni kichwa: vijana na kina mama wanabeba ndoo za mchanga, tofali mbili mbili, maji ya kuchanganyia zege, wakipita katikati ya mawe makubwa kama nyumba, kwenye vijia ambavyo mvua ikinyesha vinakuwa mto. Fundi aliyejenga kwa rafiki yangu Mabatini aliniambia tofali likifika juu linakuwa limekula karibu mara mbili ya bei ya chini. Kwa hiyo unapoona chumba mlimani kinapangishwa kwa bei inayokushangaza, ujue shingo za watu zimo ndani ya bei hiyo. Huwezi kuamuru tofali lishuke bei huku njia ya kulipandisha ni ile ile.

Nikifika hapo wenzangu wa ofisini huniuliza: kwa hiyo unasema tunyonywe tu? Hapana. Kinachomtesa mpangaji wa Mwanza nakijua kwa mwili wangu, na kiasi cha kodi ni sehemu tu.

Chukua kuingia kwenye chumba cha 50,000. Miezi sita, laki tatu. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 50,000, kwa kukuonyesha mlango. Hujalipa gari la kuhamisha vyombo. Mhudumu wa hoteli anayelipwa laki moja na nusu anapata wapi laki tatu na nusu siku moja? Anakopa kwa riba mbaya, au anabaki kwa ndugu, watano sebuleni. Chumba kipo, uwezo wa 50,000 kwa mwezi upo, mlangoni hafiki.

Hapa moyo wangu unagawanyika na sitaki kuuficha. Kila mara hoja huibuka kwamba kodi ya miezi sita ipigwe marufuku, ilipwe mwezi kwa mwezi. Kama mpangaji naiunga mkono kwa mikono miwili. Kisha namkumbuka mama mdogo na mabati ya chumba cha tatu. Ile miezi sita ndiyo benki yake. Ukiiondoa bila kumpa benki nyingine, vyumba vitajengwa polepole zaidi, na mimi na wewe tutapanga foleni ndefu zaidi kwa vile vichache. Nimeona wenye nyumba wanaokubali miezi mitatu kwa mtu aliyeletwa na mtu wanayemwamini. Nadhani huko ndiko kuna mlango: mikopo midogo ya kumalizia mapagale, ya mabati na milango, kwa riba ambayo mjane anaweza kuibeba. Mwanza imejaa mapagale. Pita Nyasaka, Kiseke, Buhongwa, Kisesa, utaona kuta zimesimama miaka minane, zinangoja paa. Kila pagale ni chumba kilichobakiza robo ya safari.

Kuhusu kutolewa ghafla, sina mgawanyiko wowote. Mtu kutolewa na watoto ndani ya wiki mbili ni ukatili, na kuukataza hakupunguzi hata tofali moja. Mkataba ulioandikwa, nakala ofisi ya serikali ya mtaa, notisi ya miezi mitatu, kodi isiguswe hadi mkataba uishe. Dalali alipwe na aliyemtuma. Na ile kodi ya majengo ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ambayo sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikatwe kwenye pango bila ugomvi, maana mimi nimenunua umeme miaka minne nikilipia nyumba isiyo yangu.

Sasa ile asilimia 10 ya Waganda. Kwangu ingemaanisha kodi kupanda hadi 88,000 badala ya 110,000. Ningelala. Na tofauti na karatasi ya mama, haigandishi: mfumuko wetu wa miaka ya karibuni ni kama asilimia 3, kwa hiyo 10 inamwachia mwenye nyumba nafasi ya kupumua. Lakini sheria hiyo hiyo, kwa mfumuko wa 1994, ingemkaba mzee wa Kirumba vile vile. Na sheria huandikwa siku moja, mfumuko hauna adabu ya kungoja. Mji wa St. Paul, Marekani, ulijifunza kwa haraka: Novemba 2021 wananchi walipiga kura kodi isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, hata kwa majengo mapya kabisa, bila kujali mfumuko. Maombi ya vibali vya ujenzi yakaporomoka, na mwaka uliofuata baraza la mji likayaondoa majengo mapya kwenye kikomo hicho kwa miaka 20. Kama Tanzania itaamua kwenda njia hiyo, ninaomba jambo hilo moja liandikwe mwanzoni: chumba kipya kiachwe. Msingi wa chumba cha nane usiguswe. Na kiwango kifungwe na mfumuko wa bei, kisifungwe na tarakimu ya mwaka sheria ilipopita.

Ila mkinilazimisha kuchagua pa kuweka nguvu zote, nitachagua viwanja. Vilivyopimwa, vyenye barabara inayopitika masika na bomba la maji, Kisesa, Usagara, Igombe, Buhongwa ya ndani. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, mwenzangu mmoja ambaye zamani angengoja kivuko alianza kutafuta chumba upande wa Busisi. Hakuna aliyetangaza bei kikomo. Ardhi ya kuishi imeongezeka tu, kwa sababu ng'ambo imekuwa karibu.

Nyumba ya Kirumba haipo. Mzee alifariki, wanawe walikaa na jengo linalovuja na wapangaji wawili waliobaki, wakangoja. Sheria ilipofutwa hawakumaliza mwaka. Walitoa notisi, wakabomoa, wakajenga fremu za maduka. Hawakujenga hata chumba kimoja cha kulala. Pale palipokuwa mkeka wetu sasa panauzwa makava ya simu. Mama yuko Buhongwa sasa, kwenye kimoja cha masta za mdogo wake, na analipa kodi kama wengine, hataki kusamehewa.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimia nikamsomea haya yote. Alisikiliza akichambua mchele. Nilipofika kwenye karatasi ya baraza aliinuka, akaingia ndani, akarudi na lile kopo la maziwa ya unga. Mhuri umefifia lakini unasomeka. Nikamuuliza, akijua yaliyoifika nyumba, vyumba vilivyopigwa kufuli, na kubomolewa, angeenda tena barazani?

"Ningeenda," akasema. "Nilikuwa na watoto watatu."

Akaendelea kuchambua mchele. Baada ya muda akauliza: "Hivi yule binti wa Magu, alipata chumba Kitangiri?"

Nilimwambia sijui, mama.